Neno Dogo la Kiingereza: "Let", Lifungualo na Kufunga

Mwezi huu twataka kulitwaa neno moja dogo la Kiingereza, tulivunje kama mtu avunjavyo nazi, tuone lina nini ndani yake. Neno lenyewe ni "let". Herufi zake ni tatu, silabi yake ni moja, na mtoto hulikuta mapema sana katika masomo yake. Kwa sababu ya udogo wake waalimu wengi hulipita upesi. Huandika ubaoni "let", na kando yake "ruhusu". Watoto hunakili, kisha darasa husonga mbele kuyaendea maneno marefu yaonekanayo kuwa magumu.

Jawabu lile si la uongo, walakini ni kipande tu. Maana neno hili hili, kwa herufi hizi hizi na sauti hii hii, lilikuwa karne nyingi na maana ya "zuia", na maana hiyo haijafa kabisa hata leo. Basi ni neno lifunguao mlango, tena laufunga. Mtu ajuaye upande mmoja tu aweza kusoma karatasi yenye kumlinda, akadhani yamfukuza. Au aweza kusimama mbele ya watu akafundisha kinyume cha kitabu alichokishika mkononi. Ndiyo sababu twaona yafaa tulitazame polepole.

Sauti yake

Na tuanze na kinywa. Sauti ya kwanza ni l. Wako ndugu zetu wengi ambao katika lugha za kwao l na r hazitengani, na mtu hutamka hii au ile bila kubadili maana. Katika Kiingereza haiwi hivyo. "Led" ni kuongozwa, na "red" ni rangi nyekundu. Ulimi ukikosea, maana yakosewa. Mwalimu na amwambie mtoto akaze ncha ya ulimi juu ya ufizi, nyuma ya meno ya juu, wala asiiache itetemeke.

Sauti ya pili ni e. Hii haina shida kwa msemaji wa Kiswahili, kwa kuwa ni karibu sana na e ya neno letu "leta". Hatari ni kuivuta. Ukiivuta hata ikawa "ei", umekwisha sema "late", na "late" ni neno lingine, maana yake kuchelewa; tena Waingereza hulitumia neno hilo wakimtaja marehemu. Ukiibana hata ikawa i fupi, umesema "lit", maana yake kuwasha taa au moto, kwa wakati uliopita.

Sauti ya mwisho ni t, na hapo ndipo ulimi wetu hukataa. Maneno ya Kiswahili kwa desturi huishia kwa vokali, basi nasi huwapa wageni mkia wa kwetu. Tumefanya hivyo kwa koti, shati, tiketi na mengine mengi, wala si aibu, kwa kuwa maneno hayo yamekwisha kuwa yetu. Lakini "let" halijawa letu. Atakaye kusema Kiingereza asiseme "leti". Na aguse t kwa ulimi, kisha anyamaze. Wala asiilegeze ikawa d, maana atakuwa amesema "led", neno lile la kuongozwa.

Na tuwaonye watoto jambo moja la masikio. Waingereza wanaposema upesi huunganisha maneno. "Let it" husikika kama "letit", neno moja. "Let her", yaani mruhusu yule mwanamke, husikika karibu sawa na "letter", yaani barua. Wamarekani wengi huilegeza t ya katikati hata ikafanana na d. Na katika mji wa London wako wengi waimezao kooni. Msikilizaji asiyezoea hudhani amesikia maneno mageni, kumbe ni "let" yule yule, amebadili kanzu tu.

Kazi ya kwanza: kuruhusu

Kazi ijulikanayo sana ni hiyo ya kuruhusu, au kuacha jambo litendeke. "Let him go" ni "mwache aende". Hapa pana makosa mawili yatokeayo mara kwa mara katika madaftari ya shule. La kwanza ni kuingiza "to", mtoto akaandika "let him to go". Neno "allow" huipenda "to", lakini "let" haiitaki kamwe. La pili ni kuandika "let he" mahali pa "let him". Kosa hili huwapata hata watu wazima, maana katika Kiswahili yule mtu mmoja aonekana mara mbili: "mwache" ana m yake, na "aende" ana a yake. Katika Kiingereza mtu huyo hutajwa mara moja, naye hutajwa kama mtendewa.

Tena neno hili halibadiliki kwa wakati uliopita. Jana ni "let", leo ni "let", na kesho ni "let". Ukisoma "they let him go", huwezi kujua kwa maneno hayo peke yake kama wamwacha leo au walimwacha jana; sharti utazame habari nzima.

Kazi ya pili: kuagiza na kutaka

Kazi ya pili yafanana na ya kwanza kwa sura, lakini haina ruhusa ndani yake. Ni kuagiza, au kutaka jambo liwe. Kiswahili hakina haja ya neno la pekee kwa kazi hii. Sisi twabadili mwisho wa kitenzi, basi. Twasema "aje", "waende", "na iwe". Mwingereza hana mwisho wa namna hiyo, kwa hiyo hutanguliza "let" kama mpiga mbiu atanguliaye msafara.

Mwalimu wa hesabu hulitumia neno hili kila siku. Asemapo "let x be 5", haombi ruhusa kwa mtu; maana yake ni "na tuchukue kwamba x ni 5". Tumeona vitabu vya watoto ambamo imeandikwa kando, kwa kalamu ya risasi, "ruhusu x", na mtoto akabaki akijiuliza ni nani aliyemzuia x hata aruhusiwe.

Katika kazi hii mna mtego mwingine. "Let's go" ni "twende", basi. Lakini "let us go", yaliyoandikwa kwa urefu, yaweza kuwa mambo mawili: ama ni "twende", akisema mtu na wenziwe, ama ni "tuache twende", wakisema watu waliofungwa kumwambia aliyewafunga. Tena mtoto na atazame ile alama ndogo ya juu. "Let's" yenye alama ni "na tufanye". "Lets" isiyo na alama ni "yeye huruhusu", au "yeye hupangisha". Kwa sikio ni sauti moja. Ni macho tu yawezayo kuyatenga.

Kazi ya tatu: kupangisha

Hii ya kupangisha ndiyo kazi ya tatu. Katika miji ya Uingereza, nyumba iliyo tupu hutundikwa ubao wenye maneno "to let", yaani nyumba hii yapangishwa. Wamarekani hupendelea kuandika "for rent". Hapa "let" ina faida moja: ni mwenye nyumba tu atajwaye kwamba "lets". Neno "rent" huweza kutajwa kwa mwenye nyumba na kwa mpangaji pia. Kiswahili chetu kimetengeneza jambo hili vizuri kwa kupanga na kupangisha.

Kutoka hapo limezaliwa neno "sublet", maana yake mpangaji kumpangisha mtu mwingine chumba alichokipanga yeye mwenyewe. Hati nyingi za nyumba zakataza jambo hilo. Mpangaji asiyelijua neno huingiza mgeni, apokea kwake fedha kidogo kila mwezi kwa moyo mweupe, na siku moja aambiwa amevunja mapatano.

Kazi ya nne: kuzuia

Sasa twafika kwenye fumbo lenyewe. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, palikuwa na vitenzi viwili mbalimbali. Kimoja kilikuwa "lætan", maana yake kuacha au kuruhusu. Cha pili kilikuwa "lettan", maana yake kuchelewesha au kuzuia, nacho kilitoka katika neno "læt", yaani -a polepole. Ni katika ukoo huo lilimotoka "late" tulilolitaja juu. Karne zikapita, vinywa vya watu vikazilainisha sauti, hata mwisho vitenzi vile viwili vikawa sawasawa. Basi hawa si mtu mmoja mwenye tabia mbili. Ni watu wawili waliokuja kupewa jina moja.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote twaujua uko katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile iliyotolewa zamani za Mfalme James. Fungueni Kutoka, mlango wa 5. Katika mstari wa 1, Musa na Haruni wamletea Farao neno la Mungu kwamba awaachilie watu. Hapo "let" ni kuruhusu. Katika mstari wa 3 waomba wapewe nafasi ya kwenda safari ya siku tatu jangwani. Wasema "let us go", na hapo si "twende", bali ni "tuache twende". Katika mstari wa 4 mfalme wa Misri awauliza kwa nini "let" watu katika kazi zao. Na hapo "let" ni kuzuia, maana awashtaki kwamba wamewakatisha watu kazi. Katika mstari wa 7 aamuru kwamba wale watu waende wenyewe kujitafutia majani makavu ya kufanyia matofali. Hapo "let" si ruhusa, ni amri ya ukali. Na katika mstari wa 9 aagiza waongezewe kazi, na neno ni lile lile.

Litazameni jambo hili, ndugu waalimu. Katika mstari wa 1, "let" pamoja na "go" ni uhuru. Katika mstari wa 7, "let" pamoja na "go" ni utumwa. Na kati yao, katika mstari wa 4, "let" ni kizuizi. Mtu aliyejifunza kwamba "let" ni "ruhusu" tu, atausoma mlango huo na kumwona Farao akiuliza kwa nini Musa awaruhusu watu kazi zao, jambo lisilo na maana.

Hayako huko tu. Katika Warumi 1:13 Paulo aeleza kwamba mara nyingi alikusudia kuwafikia, lakini mpaka wakati ule alikuwa amezuiwa. Biblia ya 1611 yaweka "let". Katika 2 Wathesalonike 2:7, neno hilo latokea mara mbili katika sentensi moja, likimtaja yeye azuiaye. Mhubiri akisema hapo "yeye aruhusuye", ameligeuza fundisho lote juu chini. Waliolisahihisha Agano Jipya la Kiingereza mwaka 1881 waliiona hatari hiyo, wakaliondoa "let" katika mahali hapo pawili na kuweka maneno mengine ya kuzuia. Katika kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662, sala ya Jumapili ya nne ya Majilio yalitumia neno hili vivyo hivyo, kwa mtu azuiwaye katika mashindano ya mbio. Hata katika mchezo wa Shakespeare uitwao Hamlet, yule kijana akitaka kuufuata mzimu wa baba yake, rafiki zake wamshika. Naye awatisha kwamba ye yote atakaye "let" yeye atamgeuza mzimu. Wamruhusuye hana sababu ya kuwatisha, awatisha wamzuiao.

Je, maana hii imekufa? La. Imejificha mahali pachache. Katika pasi ya kusafiria ya Uingereza, hata leo, yaombwa kwamba mwenye pasi aachwe apite "without let or hindrance", yaani bila zuio wala pingamizi. Na katika mchezo wa tenisi, mpira wa kuanzishia ukigusa wavu kisha ukaanguka mahali pake pa haki, mwamuzi husema "let", na mpira hupigwa tena, kwa kuwa wavu umeuzuia kidogo.

Marafiki zake

Zaidi ya kazi hizo nne, "let" hupenda kutembea na maneno madogo, na kila rafiki humpa kazi mpya. "Let down" ni kushusha, kama ndoo kisimani. Kwa nguo ni kufungua upindo ili gauni liongezeke urefu. Na kwa mtu ni kumvunja tumaini aliyekutegemea. "Let out" kwa fundi cherehani ni kufumua mshono ili nguo ipanuke. "Let off" kwa mkosaji ni kusamehewa adhabu, na kwa bunduki ni kuifyatua. Mvua ikipungua, Mwingereza husema kwamba "lets up". Na "let alone" hukaa katikati ya sentensi na maana ya "sembuse": hajui kusoma, sembuse kuandika. Tusipolifundisha hili, mtoto atadhani kwamba mtu fulani ameachwa peke yake.

Tena "let" huweza kushikamana na mwisho wa jina na kulifanya dogo. "Booklet" ni kijitabu, na "piglet" ni mtoto wa nguruwe. Huyu ni mwingine kabisa, hana ujamaa na wale wa juu. Kazi yake ni ile ya ki- yetu.

Tusiwacheke Waingereza

Huenda msomaji akasema, lugha gani hii, isiyojua kama yafungua au yafunga? Na atazame kwake kwanza. Ukimwambia mtoto "panda mti", aenda kuchimba shimo au aenda kukwea? Na neno letu "acha" je? "Acha aende" ni kumpa ruhusa ya kwenda. "Acha kwenda" ni kumkataza asiende. Neno ni moja, na safari ni ile ile. Tofauti imo katika neno lifuatalo. Wala hakuna mtoto wa Kiswahili akoseaye hapo, kwa sababu hakufundishwa "acha" peke yake ubaoni. Alilisikia pamoja na wenzake jikoni, kisimani na shambani.

Hapo ndipo lilipo shauri letu lote. Neno halijulikani kwa uso wake. Lajulikana kwa jirani zake. "Let" likifuatwa na mtu, kisha na tendo, kwa kawaida ni ruhusa au amri. Likifuatwa na nyumba au shamba, ni kupangisha. Likifuatwa na mtu, kisha na "from", katika kitabu cha kale, ni kuzuia. Likitanguliwa na "without", ni zuio. Na umri wa kitabu ni jirani pia: kitabu cha miaka mia nne hakisomwi kama gazeti la jana.

Jambo hili si la shule tu. Tuseme baba wa nyumba amepanga chumba mjini, naye apewa hati ya Kiingereza ya mtindo wa kale. Juu yaandikwa kwamba mwenye nyumba "lets" nyumba yake, yaani apangisha. Chini yaandikwa kwamba mpangaji, maadamu alipa kodi yake, atakaa "without let or hindrance" kutoka kwa mwenye nyumba, yaani bila kuzuiwa wala kusumbuliwa naye. Mwanawe, aliyejifunza kwamba "let" ni ruhusa, amsomea baba yake "bila ruhusa". Baba afadhaika, adhani ameitwa mvamizi, ahama usiku. Kumbe mstari ule ndio uliokuwa ngao yake. Basi mtu asitie sahihi wala asivunjike moyo kwa sababu ya neno moja. Na aisome sentensi nzima, na kama haimwelei, na amtafute ajuaye kabla ya kushika kalamu.

Kwa ninyi waalimu, twapendekeza zoezi moja. Msiandike tena ubaoni neno hili na maana moja kando yake. Andikeni sentensi tano, kila moja yenye "let" ya kazi mbalimbali, na watoto waseme kila moja kwa Kiswahili chema. Wataona wenyewe kwamba mara wahitaji "acha", mara wahitaji "na", mara "pangisha", mara "zuia", na mara hawahitaji neno lo lote ila mwisho wa kitenzi. Na kwa ninyi mlio na Biblia ile ya 1611 nyumbani, someni Kutoka mlango wa 5 jioni moja baada ya chakula, wakubwa kwa wadogo, na kila "let" itokeapo mmoja aseme: yafungua, yafunga, au yaamuru? Mtoto atakayewatangulia wazee katika jawabu, msimnyamazishe. Mwacheni aseme.